Barua Kutoka Babati



Imetufikia barua kutoka mji wa Babati, mkoani Manyara. Kwa kuwa jambo lililomo litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, tumeona si vema mlisikie kwanza barazani likiwa limekwisha kutiwa chumvi. Twalieleza hapa kama lilivyo, na rai yetu twaitoa waziwazi. Wako watakaosema kazi ya katibu ni kupiga mhuri tu. Basi wajue kwamba mhuri ndio hasa uliotakiwa.

Mwenye barua ni mfanyabiashara wa viungo na miti shamba. Ana pakiti ndogo alizozitengeneza mwenyewe, ndani yake karafuu iliyopondwapondwa pamoja na tangawizi kavu, na juu yake ameandika kuwa ni dawa ya kuacha sigara na ugoro kwa muda wa siku saba. Mwanzo tulidhani anataka kununua karafuu. Tukamjibu kwa adabu kwamba karafuu yetu ina mnunuzi wake kwa mujibu wa sheria, nalo ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na sisi hatuna ruhusa ya kumpelekea hata pishi moja. Akajibu upesi. Karafuu si shida yake, anaipata Morogoro. Alichokuwa akikitaka ni jina la Chama chetu lipigwe juu ya pakiti, pamoja na maneno kwamba wakulima wa karafuu wa kisiwani wameithibitisha dawa hii. Kwa kila pakiti itakayouzwa tutapata shilingi 200.

Katika Halmashauri yako waliofurahi, wala hatuwalaumu. Mfuko wa Chama twaujua ulivyo. Mmoja alisema karafuu haijapata kumdhuru mtu, kwa hiyo fedha hii ni halali na nyepesi. Mwingine akasema kwamba wazee wetu wamekuwa wakitafuna karafuu tangu zamani kuondoa harufu ya tumbaku kinywani, hivyo dawa ni ya kweli. Ikaamuliwa watu wawili waende wakaione biashara yenyewe: katibu na mjumbe mmoja. Mjumbe huyo alichaguliwa kwa sababu ni mvutaji wa miaka mingi, wakasema kwa mzaha kwamba yeye ndiye atakayeijaribu dawa. Ametupa ruhusa tuandike habari zake ilimradi jina tusilitaje.

Safari hatutaisimulia yote. Tulivuka bahari mpaka Dar es Salaam, tukapanda basi hadi Dodoma, na kutoka Dodoma tukapita Kondoa hadi Babati kwa barabara ambayo siku hizi ni ya lami. Babati ni mji wa bara hasa, chini ya mlima Kwaraa, pembeni mwa ziwa lenye viboko. Kwa mtu wa pwani baridi yake si haba. Mashamba ya mahindi, mbaazi na alizeti yamejaa kila upande. Watu wa makabila mengi hukutana sokoni: Wagorowa wenye nchi, Wairaqw, Wambugwe, Wabarbaig, Warangi, na wageni kama sisi. Na tumbaku huko ina sura nyingi kuliko kwetu. Vijana wa stendi huvuta sigara moja moja, lakini wazee wengi, wake kwa waume, hutumia ugoro, wengine wakiunusa na wengine wakiubwia mdomoni. Aghlabu husagwa pamoja na magadi. Magadi hayo si ya kuongeza ladha tu. Ndiyo yanayoifungua nikotini ikapenya upesi katika ngozi laini ya kinywa na pua. Chokaa katika tambuu yetu hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo asitucheke mtu wa bara, wala sisi tusimcheke yeye.

Mfanyabiashara alitupokea vizuri sana. Tukae kwake nusu siku, tukaona watu wakija. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, na twaamini kabisa kwamba dawa yake anaisadiki. Tulimwuliza ameponya watu wangapi. Akatutajia watatu, na mmoja kati yao alikuwapo palepale, dereva wa lori, akathibitisha kwamba ana miezi minne hajavuta. Tukauliza amekwisha kuuza pakiti ngapi. Akafungua daftari: zilikuwa zimepita mia nne. Hao wengine wako wapi? Akasema hawakurudi, na kutorudi kwao ni dalili kwamba wamepona.

Hapo sisi wakulima yafaa tusimame kidogo. Kila msimu twachukua miche ya mikarafuu tukaipanda. Mtu akitujia akasema mbinu yake ya kupanda ni bora kwa kuwa anayo mikarafuu mitatu iliyoshika, swali letu la kwanza litakuwa amepanda mingapi. Na swali la pili: jirani yake asiyetumia mbinu hiyo imeshika mingapi? Maana wako watu wanaoacha tumbaku wenyewe bila dawa yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila majaribio 100 ya kuacha bila msaada, hufaulu kama 4. Basi watatu katika mia nne si dawa. Ni chini ya wale ambao wangaliacha hata kama wangalitafuna njugu.

Mwenzetu alinunua pakiti tatu. Akaitupa sigara yake mbele ya mashahidi, akaanza kutafuna. Siku ya kwanza alikuwa mchangamfu. Siku ya pili hakulala, alikuwa na hasira za bure, na akagombana na mhudumu wa mkahawa kwa ajili ya chai iliyopoa. Siku ya tatu ulimi na fizi zilikuwa zimebabuka kwa ukali wa karafuu, akashindwa kula. Jioni hiyo tukamkuta nyuma ya nyumba ya wageni na sigara mkononi. Akatuambia neno ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya: "Katibu, mimi sina imani. Wenzangu wamepona, mimi nimeshindwa. Tusiliseme tena jambo hili."

Madhara yenyewe ndiyo haya, ndugu wanachama. Mdomo uliobabuka ulipona baada ya siku chache. Lakini mtu aliyekuwa tayari kuacha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alifungiwa mlango na pakiti yenye harufu ya mashamba yetu wenyewe, kisha akajilaumu yeye badala ya kuilaumu pakiti. Na kama pakiti ile ingekuwa na jina letu juu yake, sisi ndio tungekuwa tumeufunga.

Kesho yake tulimpeleka kwa daktari, si kwa ajili ya tumbaku bali kwa ajili ya kinywa. Alikuwa daktari mwanamke, kijana, na foleni nje ilikuwa ndefu. Alipomaliza kukitazama kinywa aliuliza swali moja: "Baba, ukiamka asubuhi, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani?" Mwenzetu akajibu kwamba huiwasha kabla hajaenda kuswali alfajiri. Daktari hakumkemea wala hakumhubiria. Alisema tu kwamba mtu anayevuta ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya kuamka, mwili wake umekamatwa sana na nikotini, na mtu kama huyo asishangae akishindwa kwa nguvu zake peke yake. Kisha akaongeza: "Hukushindwa wewe, baba. Ulikwenda vitani bila silaha."

Hatujapata kumwona mwenzetu akinyamaza vile.

Maelezo aliyotupa yule daktari, na mengine tuliyoyasoma baadaye, twayaandika kwa lugha yetu. Moshi ukivutwa, nikotini huingia mapafuni, na haipiti nusu dakika imekwisha kufika kwenye ubongo. Huko hukuta mahali pake pa kukaa, na ikikaa huleta utulivu na furaha kidogo. Lakini haidumu. Kila baada ya saa mbili hivi kiasi chake mwilini hupungua nusu, na ubongo uliozoea huanza kudai. Madai hayo ndiyo hasira, kukosa usingizi, mawazo kutotulia, na njaa ya ghafula. Siku za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, na baada ya wiki mbili hadi nne aghlabu hupungua sana. Kwa hiyo mvutaji akisema sigara humtuliza, hasemi uongo. Illa ule wasiwasi unaotulizwa umeletwa na sigara iliyotangulia.

Wafungao Ramadhani wanalijua jambo hili vizuri kuliko vitabu. Mtu hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kuvuta, na hafi. Nikotini karibu yote imemtoka. Lakini adhana ikilia, wengine huitangulia tende kwa sigara! Mwezi ule ni nafasi njema ya kuanza, kwa kuwa nusu ya kazi imekwisha kufanywa mchana. Kinachobaki ni usiku, na usiku ndipo mtu anapohitaji msaada.

Msaada wenyewe si siri wala si uganga. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku. Mambo yanayosisitizwa ni mawili, na yaende pamoja: mazungumzo na dawa. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi sana, dakika mbili tatu za daktari au muuguzi kwa kila mgonjwa anayefika kwa shida yoyote ile. Amwulize kama anatumia tumbaku, amshauri waziwazi aache, aangalie kama yu tayari, wapange siku, na amwite tena katika wiki ya kwanza. Kule kumwita tena ndiko kunakosahauliwa, na ndiko kunakomwokoa mtu.

Dawa nazo ziko. Ya kwanza ni nikotini yenyewe bila moshi, katika chingamu au kibandiko cha ngozi. Watu hushangaa: vipi utibu nikotini kwa nikotini? Jibu ni kwamba kinachoua zaidi katika sigara ni moshi, na lami na sumu zilizo ndani yake. Nikotini ndiyo kamba inayomfunga mtu kwenye moshi huo. Kibandiko hulegeza kamba polepole kwa wiki 8 au zaidi. Chingamu ina namna yake ya kutafunwa: unaitafuna kidogo mpaka uhisi ukali, kisha unaibana kati ya shavu na fizi, utulie, halafu utafune tena. Anayeitafuna mfululizo kama peremende humeza nikotini, tumbo likamchafuka, kisha akasema dawa ni mbaya. Mwenye kuvuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka hupewa ya nguvu zaidi, miligramu 4 badala ya 2. Dawa hizi za nikotini zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Iko pia varenikilini, vidonge vinavyokaa mahali pale pale katika ubongo ambapo nikotini ingekaa, vikatuliza madai kwa kiasi na kuizuia sigara isilete raha yake. Iko na bupropioni. Zote hizi mtu asijipe mwenyewe, hasa mama mjamzito na mwenye maradhi ya moyo au kifafa. Aonane na daktari kwanza.

Lakini dawa tunayotaka wakulima waisikie kwa masikio mawili ni saitisini. Hii hutoka katika mbegu za mti uitwao Laburnum, na Wabulgaria wameitumia kuachisha watu sigara tangu mwaka 1964. Kwa miaka mingi nchi nyingi hazikuijali, kama wasivyoijali karafuu yetu leo. Tofauti ni kwamba waliipima. Waliwagawa wavutaji kwa kura, nusu wakapewa saitisini na nusu vidonge vitupu vya sura ile ile, na hakuna aliyejua amepata kipi. Baada ya mwaka mmoja wakahesabu wote, walioacha na walioshindwa na waliotoweka pia. Waliopata saitisini walioacha walikuwa wengi zaidi waziwazi. Ndiyo maana leo imo katika mwongozo ule wa 2024. (Asije mtu akautafuta mti huo autafune mbegu zake. Zikiwa mbichi ni sumu.) Basi hatusemi mti hauwezi kuwa dawa. Twasema mti uliopimwa ni dawa, na usiopimwa ni tumaini tu, na tumaini halipigwi mhuri wa Chama.

Karafuu yetu ina sifa zake za kweli, wala hatupungukiwi na kitu kwa kukiri mipaka yake. Mafuta yake yana kitu kiitwacho eujenoli, hutia ganzi, na madaktari wa meno wamekitumia kwa vizazi. Mafuta hayo twayakamua wenyewe Pemba, katika kiwanda cha Wawi. Lakini ganzi si tiba ya uraibu. Na mafuta hayo yakinywewa kwa wingi ni hatari, zaidi kwa watoto, hudhuru ini. Kwa hiyo yule aliyesema katika Halmashauri kwamba karafuu haijapata kumdhuru mtu, atuwie radhi.

Tena iko hadithi ambayo vijana wetu hawaijui, nayo inatuhusu sana. Huko Indonesia, katika mji wa Kudus kisiwani Java, yasemekana kwamba mnamo miaka ya 1880 mtu mmoja jina lake Haji Jamhari alikuwa na maumivu ya kifua. Akajipaka mafuta ya karafuu, akapata nafuu, kisha akawaza: kwa nini nisiipeleke karafuu ndani ya kifua hasa? Akaipondaponda, akaichanganya na tumbaku, akasokota, akavuta. Sigara hizo zikaanza kuuzwa kama dawa ya pumu. Ndizo zikawa sigara za kretek, zilizopewa jina kwa mlio wa karafuu inapowaka. Ile ganzi ya karafuu ilipoza koo, mtu asihisi ukali wa moshi akauvuta ndani zaidi. Mamilioni ya watu wakazoea.

Na karafuu zao walizinunua wapi? Kwetu. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita Indonesia ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa kabisa, na karafuu iliyokauka juu ya majamvi ya Pemba iliishia ndani ya sigara za Java. Ilipofika miaka ya 1980 wakawa wamepanda mikarafuu yao ya kutosha, soko likatuangukia, na wazee wetu wanakumbuka magunia yaliyokosa bei. Mwaka 2009 Marekani ikapiga marufuku sigara za karafuu, Indonesia ikashitaki katika Shirika la Biashara la Dunia, na mwaka 2012 ikashinda kwa hoja kwamba sigara za mnanaa zimeachwa. Ugomvi huo waachieni wenyewe. Neno letu ni kwamba karafuu ilikwisha kuitwa dawa ya kifua mara moja, ikiwa imefungwa pamoja na tumbaku, na wakulima hawakuulizwa. Leo tunaulizwa. Barua iko mezani, na jibu ni letu.

Wala tusijifanye watakatifu kwa wakulima wa tumbaku wa Tabora na Urambo. Twajua mkulima hupanda kinachonunuliwa, na twajua bei ikianguka nyumba hulia vipi.

Kuna neno moja katika lugha yetu ambalo limetukaa moyoni tangu safari ile, nalo ni hilo la uraibu. Zamani uraibu ulikuwa ni sahani ya heshima: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, mgeni hakaribishwi bila hiyo. Siku hizi madaktari wanalitumia neno hilo hilo kwa ugonjwa. Labda ndiyo maana hatuoni ugonjwa hapo, twaona ukarimu. Kijana akikamatwa na heroini, tumekwisha kukubali kuwa ni mgonjwa. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na hapa kwetu Kidongo Chekundu ikaanza mwaka 2015. Kila siku mtu huenda akanywa dawa yake, na hakuna anayemwambia kwamba kunywa dawa ni udhaifu. Lakini mzee mwenye miaka arobaini ya tumbaku akitaka kuacha twamwambia "jikaze". Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2018 ulikuta kwamba katika wanaume 100 watu wazima, 14 au 15 hutumia tumbaku, na katika wanawake 100, kama 3. Wanachama wetu ni wengi. Hesabuni wenyewe wangapi wameketi nasi mkutanoni wakiwa na pakiti mfukoni. Nchi yetu iliridhia mwaka 2007 mkataba wa dunia wa kuzuia tumbaku, na kifungu cha 14 cha mkataba huo chazungumzia matibabu ya wanaotaka kuacha. Kuyadai matibabu hayo si kuomba hisani.

Shida iliyoko ni kwamba dawa hazipatikani kwa urahisi. Kule Babati tuliuliza katika maduka mawili ya dawa, hatukupata chingamu wala kibandiko. Daktari yule alimpa mwenzetu alichokuwa nacho, yaani maneno na karatasi. Alimwambia achague siku ndani ya wiki mbili, aitangaze nyumbani, atoe sigara, kiberiti na sahani ya majivu, na matamanio yakimjia ajue kwamba hupita baada ya dakika chache, anywe maji, atembee, apige simu. Akiteleza mara moja asihesabu kwamba amerudi mwanzo. Kisha akampa namba ya simu ya kazini, akamwambia ampigie siku ya tatu. Chingamu tuliipata Dar es Salaam tulipokuwa tunarudi, kwa bei ambayo mchumaji wa karafuu asingeiweza kwa miezi miwili mfululizo. Huo ndio ukweli, na ndio unaoipa ile pakiti ya Babati wateja wake. Dawa ya kweli ikiwa ghali na mbali, ya uongo hukaa stendi.

Kwa hiyo rai yetu kwa Mkutano Mkuu ni kwamba jina la Chama lisitolewe, na zile shilingi 200 tuziache. Kadhalika tumjibu bwana yule kwa heshima kwamba akiamini dawa yake aipeleke kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ipimwe. Ikithibitika tutakuwa wa kwanza kumpongeza, na bei yetu haitakuwa 200. Twapendekeza vilevile Chama kiiandikie Wizara ya Afya hapa Zanzibar, kwa jina la wanachama wote, kuomba dawa za kuachisha tumbaku zipatikane katika hospitali za kisiwani kwa bei ya mnyonge, na wauguzi wafundishwe yale mazungumzo ya dakika tatu. Na katika kambi za wachumaji msimu ujao, mwenye duka atakayeuza sigara moja moja kwa watoto wanaookota karafuu chini ya miti, asipewe nafasi. Hilo halihitaji Wizara.

Watakuwapo watakaosema wamekwisha kuzeeka, faida haipo tena. Hesabu iliyofanywa Uingereza kwa madaktari waliofuatwa miaka 50, tangu 1951 hadi 2001, ilionyesha kwamba mvutaji aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka 3 ya kuishi, aliyeacha na miaka 50 alijiongezea 6, na wa miaka 40 akajiongezea 9. Mkarafuu unachukua miaka kama hiyo kabla ya kuzaa vizuri, na bado tunaupanda.

Mwenzetu alichagua siku ya Ijumaa. Siku ya tatu alimpigia daktari wa Babati, na daktari akapokea. Ameteleza mara moja, harusini, akatuambia mwenyewe kabla hatujamwuliza. Leo tunapoandika ana siku 41. Amekubali kusimama mbele ya Mkutano na kujibu maswali, na wale wanaotaka kuanza pamoja naye baada ya Mkutano wataje majina yao ofisini, au wamnong'oneze muuza chai wetu aliye mlangoni, ambaye naye yumo katika orodha.